Giuditta Pasta (1797–1865): Sauti Yenye Kasoro na Sanaa ya Utendaji katika Opera ya Kitaliano

Ikisiri

Makala haya yanasimulia maisha ya Giuditta Pasta, mwimbaji wa soprano na mwalimu wa uimbaji wa Italia katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Hoja kuu ni kwamba kasoro za sauti yake zilimlazimisha kubuni mtindo wa utendaji uliotegemea maana ya neno, mkao wa mwili na mabadiliko ya rangi ya sauti, na kwamba mtindo huo uliwaongoza watunzi wa muziki waliomwandikia. Makala yanajadili pia gharama ya mtindo huo kwa mwimbaji mwenyewe, na swali la kiasi gani cha sanaa ya aina hiyo kinaweza kurithishwa kwa wanafunzi.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetaka kuandika juu ya mwimbaji wa karne ya 19 hukabiliwa na tatizo ambalo watafiti wa fasihi simulizi wanalifahamu vyema. Fanani amekwisha kufa, hadhira yake imekwisha kufa, na tukio lenyewe la utendaji halikuhifadhiwa. Kinachobaki ni matini, ambayo ni sehemu tu ya kazi, pamoja na maelezo ya waliohudhuria, ambao kila mmoja alisikia kwa masikio yake. Fonografu ya Edison, chombo cha kwanza kilichoweza kunasa sauti na kuirudisha, ilitokea mwaka 1877, yaani miaka 12 baada ya kifo cha Pasta.

Licha ya ukimya huo, jina la Pasta halikwepeki katika historia ya opera. Katika muda usiofika miaka mitatu, kuanzia Desemba 1830 hadi Machi 1833, Gaetano Donizetti na Vincenzo Bellini walitunga opera tano ambazo mhusika wake mkuu wa kike aliandikwa kwa ajili yake. Tatu kati ya hizo, yaani Anna Bolena, La sonnambula na Norma, zingali zinaonyeshwa katika majumba makubwa ya opera. Ajabu ni kwamba watu wa zama zake, wakiwemo waliomsifu mno, walikubaliana kuwa sauti yake haikuwa nzuri kwa vipimo vya kawaida. Sauti isiyokamilika ilipataje kuwa kipimo cha uimbaji wa wakati wake? Swali hilo ndilo linaloongoza simulizi inayofuata.

2.0 Malezi, Mafunzo na Mwanzo Mgumu

Giuditta Negri alizaliwa Saronno, mji mdogo ulio karibu na Milano, tarehe 26 Oktoba 1797. Vitabu vingi vya zamani vinataja mwaka 1798, lakini tarehe hiyo imekwisha kusahihishwa. Alikulia katika Italia ya Kaskazini wakati ambapo majeshi ya Napoleon yalikuwa yakibadilisha mipaka na watawala. Mafunzo yake ya uimbaji aliyapata Milano, na miongoni mwa walimu wake walikuwa Giuseppe Scappa na Davide Banderali.

Mwaka 1816, akiwa hajatimiza miaka 19, alipanda jukwaani Milano katika opera ya mwalimu wake Scappa iliyoitwa Le tre Eleonore. Mwaka huohuo aliolewa na Giuseppe Pasta, mwimbaji wa sauti ya tenori, akachukua jina ambalo ulimwengu ulikuja kumjua kwalo. Baadaye mwaka huo alisafiri kwenda Paris na kuimba katika Théâtre Italien, kisha mwaka 1817 akaimba London katika King's Theatre. Safari hizo hazikumletea sifa. Alipewa nafasi za wahusika wa pili, na London haikumwona kuwa zaidi ya msichana mwenye sura ya kupendeza na sauti isiyotii.

Maelezo ya mhakiki wa London, Henry Chorley, aliyemfuatilia kwa muda mrefu, yanasaidia kuelewa ubovu huo. Kwa mujibu wa Chorley, sauti ya Pasta haikuwa na ulinganifu. Nota za chini, za kati na za juu zilitofautiana kana kwamba zilitoka katika vyombo mbalimbali. Baadhi zilikuwa na ukungu, na nyingine zilielekea kushuka chini ya mahali pake. Kwa maumbile, sauti yake ilikuwa karibu zaidi na mezosoprano, na nota za juu alizipata kwa kuzilazimisha. Wepesi wa kupamba mahadhi, ambao waimbaji wengine wa Kitaliano waliupata wakiwa wadogo, yeye aliununua kwa jasho.

Mwimbaji mwingine huenda angeacha. Pasta alirudi Italia, akamzaa binti yake Clelia mwaka 1818, akaanza upya mazoezi. Katika miaka iliyofuata aliimba katika miji ya Italia, miongoni mwayo Venezia, Roma na Torino, mbali na macho ya wahakiki wa Paris na London. Kipindi hicho hakina kelele katika wasifu wake, lakini ndicho kilichomjenga. Hakuweza kuifanya sauti yake iwe na rangi moja. Badala yake alijifunza kuzitumia rangi zake zote kwa makusudi, kila moja kwa hisia yake.

3.0 Paris na London: Kasoro Inapogeuka Mtaji

Matokeo yalionekana Paris mwaka 1821, Pasta alipoimba nafasi ya Desdemona katika Otello ya Gioachino Rossini. Aliyeimba nafasi ya Otello alikuwa Manuel García, tenori wa Kihispania. Msichana yule aliyepuuzwa miaka mitano kabla alitoka jukwaani akiwa mwimbaji anayezungumzwa kuliko wote mjini.

Miongoni mwa waliovutiwa alikuwa mwandishi Stendhal, ambaye katika kitabu chake juu ya maisha ya Rossini alimtengea Pasta sura nzima. Hoja ya Stendhal ina uzito wa kinadharia. Alidai kwamba sauti yenye rangi moja kutoka chini hadi juu, hata ikiwa safi kiasi gani, haiwezi kueleza mabadiliko ya moyo wa mwanadamu kwa ukamilifu. Sauti ya Pasta, kwa kuwa na maeneo tofauti, ilimwezesha kuchagua nota ileile aitoe kwa giza au kwa mwanga kulingana na neno alilotamka. Kwa maneno mengine, kile ambacho walimu wa uimbaji walikiita kasoro, Stendhal alikiona kuwa nyenzo ya mtindo.

Upande wa pili wa sanaa yake ulikuwa mwili. Jukwaa la opera la wakati huo lilivumilia waimbaji waliosimama mbele na kuimba kama walio katika tamasha, au waliopunga mikono bila mpango. Pasta alisogea kwa uchache, akajipanga katika mikao iliyowakumbusha watazamaji sanamu za kale za Kigiriki, na kila ishara aliiweka mahali pake. Maleba yake nayo aliyachagua kwa uangalifu. Inasimuliwa kuwa Talma, mwigizaji mkuu wa tamthilia za Kifaransa, alimwona kuwa amefikia kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekitafuta miaka mingi. Kwa mwimbaji, sifa kutoka kwa mtu wa tamthilia ilikuwa ushahidi wa aina yake.

Wahusika aliowamudu walikuwa wa namna nyingi. Aliigiza wanaume, kama vile Tancredi wa Rossini na Romeo wa Zingarelli, kwa mujibu wa desturi ya wakati huo ya kuwapa wanawake nafasi za vijana mashujaa. Mwaka 1825 Rossini alimpa nafasi ya Corinna, malenga anayeimba kwa kinubi, katika Il viaggio a Reims, opera iliyotungwa kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Kumi wa Ufaransa. London nayo, iliyomkataa mwaka 1817, ilimpokea kwa shangwe mwaka 1824.

Hata hivyo, mhusika aliyetikisa hadhira kuliko wengine alikuwa Medea katika Medea in Corinto ya Simon Mayr, opera aliyoiimba Paris mwaka 1823 na London mwaka 1826. Medea ni mwanamke aliyesalitiwa na mume ambaye anashika kisu juu ya watoto wake mwenyewe. Pasta alimfanya awe mama na muuaji kwa wakati mmoja, na watazamaji waliondoka wakiwa na hofu iliyochanganyika na huruma. Maneno ya opera hiyo yaliandikwa na Felice Romani. Jina hilo linafaa kukumbukwa, kwa sababu Romani ndiye aliyekuja kuandika maneno ya opera zote tano zilizotajwa katika utangulizi.

4.0 Mwimbaji na Watunzi Wake, 1830–1833

Historia ya muziki imezoea kumpa mtunzi umiliki wote wa kazi, na kumwona mwimbaji kuwa mtu wa kuitekeleza tu. Mazingira ya opera ya Italia ya miaka ya 1830 hayakubaliani na mtazamo huo. Jumba la opera lilianza kwa kuajiri waimbaji wa msimu, ndipo mtunzi akatunga kwa kuwapima wao, kama fundi cherehani anavyokata nguo kwa kipimo cha mteja.

Tarehe 26 Desemba 1830, Anna Bolena ya Donizetti ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika Teatro Carcano, Milano, Pasta akiwa malkia wa Uingereza anayesubiri kuuawa. Sehemu ya kazi hiyo Donizetti aliitunga akiwa katika nyumba ya Pasta iliyoko Blevio, kando ya Ziwa Como, ambako mtunzi na mwimbaji waliweza kushauriana kila siku. Onyesho hilo ndilo lililoanza kumpa Donizetti umaarufu nje ya Italia. Miezi michache baadaye, tarehe 6 Machi 1831, jumba hilohilo lilionyesha La sonnambula ya Bellini. Hapa Pasta, malkia wa misiba, aligeuka kuwa Amina, msichana wa kijijini anayetembea usingizini na kushukiwa uzinzi asioufanya.

Kilele kilikuwa Norma, iliyoonyeshwa katika La Scala tarehe 26 Desemba 1831. Norma ni kuhani mkuu wa Wagali aliyevunja nadhiri yake na kumzalia watoto wawili liwali wa Kirumi, adui wa watu wake. Katika tendo la pili, anasimama na kisu juu ya watoto hao waliolala, kisha moyo unamshinda. Ni vigumu kuitazama sehemu hiyo bila kumkumbuka Medea. Romani alikuwa ameandika matini zote mbili, na Pasta alikuwa ameonyesha kwa miaka minane kile awezacho kufanya akiwa na kisu mkononi na mtoto mbele yake. Tofauti ni kwamba Norma hauui. Anaelekeza adhabu kwake mwenyewe na kupanda katika moto. Bellini alimwandikia Pasta kabla ya kuanza kazi kwamba mhusika huyu aliteuliwa kwa sababu ya upana wa vipaji vyake.

Ushirikiano huo haukukosa mivutano. Pasta aliona kwamba Casta diva, sala ya Norma kwa mwezi, haikuifaa sauti yake. Inaelezwa kuwa Bellini alimwomba aijaribu kwa wiki moja kabla ya kuikataa, na kwamba mwishoni mwimbaji alikiri kosa lake na kumpelekea mtunzi zawadi. Maandishi ya mkono ya Bellini yanaionyesha sala hiyo katika ufunguo wa G, lakini imezoeleka kuimbwa katika ufunguo wa F, hatua moja chini. Mabadiliko hayo yanahusishwa na mahitaji ya Pasta. Ikiwa ndivyo, basi kila mwimbaji wa leo anayeiimba sala hiyo katika ufunguo wa F anafuata alama ya koo la mtu aliyekufa mwaka 1865.

Usiku wa kwanza wa Norma ulipokewa kwa ubaridi, hata Bellini akadhani kuwa kazi yake imeanguka. Waimbaji walikuwa wamechoka kwa mazoezi, na hadhira ilitatanishwa na mambo mapya ya utunzi. Maonyesho yaliyofuata yaligeuza hukumu hiyo. Mwaka 1832 Pasta aliimba katika Ugo, conte di Parigi ya Donizetti, ambayo haikudumu. Mwaka 1833, tarehe 16 Machi, alikuwa mhusika mkuu wa Beatrice di Tenda ya Bellini katika La Fenice, Venezia. Mkasa wa Beatrice ulichaguliwa kutokana na msukumo wa Pasta, aliyevutiwa na onyesho la dansi lililohusu habari hiyo. Romani alikuwa amekwisha kuanza kazi juu ya mkasa mwingine, na badiliko hilo lilichangia ucheleweshaji uliowagombanisha yeye na Bellini. Hivyo nguvu ya mwimbaji juu ya utunzi ilikuwa na upande wake wa hasara pia.

5.0 Deni la Sauti

Mwaka 1833 Pasta aliimba Norma London, Bellini mwenyewe akiwepo. Wahakiki walisifu uigizaji, lakini wengi walitaja kuwa sauti ilishuka chini ya nota. Alikuwa na umri wa miaka 35 tu. Wataalamu wengi wa uimbaji wamehusisha kudhoofika huko na juhudi ya muda mrefu ya kuivuta sauti ya kati hadi kwenye urefu wa soprano. Nyenzo iliyompa rangi nyingi ndiyo iliyodai malipo mapema.

Baada ya mwaka 1835 alipunguza sana kazi ya jukwaani. Aliimba tena London mwaka 1837, na katika miaka ya 1840 na 1841 alisafiri hadi St Petersburg na Berlin. Wasifu kadhaa za karne ya 19 zinaeleza kwamba sehemu kubwa ya mali yake ilipotea benki moja ya Vienna ilipofilisika. Ikiwa habari hiyo ni sahihi, safari hizo za mbali zilikuwa za mahitaji kuliko za sifa.

Tukio la mwisho ndilo lenye uchungu zaidi. Mwaka 1850, akiwa na miaka 52, Pasta alirudi London na kuimba hadharani sehemu ya mwisho ya Anna Bolena. Chorley alishuhudia na kueleza kwamba sauti ilikuwa imekwisha kabisa, na kwamba baadhi ya watazamaji walicheka. Katika jumba hilo alikuwemo pia Pauline Viardot, mwimbaji mkubwa wa kizazi kilichofuata na binti wa García, Otello wa mwaka 1821. Hakuwahi kumsikia Pasta kabla ya hapo. Viardot alilia. Alilinganisha alichokisikia na Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci iliyoko Milano, mchoro ulioharibika ambao bado ulikuwa mkuu kuliko michoro yote. Watu wawili waliokaa chini ya paa moja walisikia mambo mawili tofauti. Mmoja alisikia koo lililochakaa, na mwingine akasikia muundo wa sanaa uliobaki baada ya koo kuchakaa.

6.0 Mwalimu wa Blevio

Tofauti hiyo kati ya sauti na muundo wake ndiyo msingi wa kazi ya Pasta ya ualimu. Katika nyumba yake ya Ziwa Como aliwapokea wanafunzi walioletwa na sifa ya jina lake. Mwalimu ambaye sauti yake ilikuwa zawadi ya maumbile hupata shida kumweleza mwanafunzi alichokifanya. Pasta alikuwa amejenga kila nota kwa hesabu, hivyo alikuwa na cha kueleza.

Adelaide Kemble, binti wa familia mashuhuri ya waigizaji wa Uingereza, alisoma kwake kisha akaimba Norma katika La Fenice mwaka 1838. Mwaka 1841 aliimba nafasi hiyohiyo kwa Kiingereza katika Covent Garden. Kazi yake ilikuwa fupi, kwani aliacha jukwaa baada ya kuolewa. Teresa Parodi, mwanafunzi mwingine, alifika London mwaka 1849 na Marekani mwaka 1850, naye akitangazwa kwa jina la mwalimu wake na kupimwa kwa Norma. Wahakiki waliona katika wanafunzi hawa mikao na vituo vya Pasta, lakini nguvu iliyovifanya vitishe hawakuiona kwa kiwango kilekile. Hili ni onyo kwa kila nadharia ya urithi wa sanaa: ishara hurithishwa kwa urahisi kuliko sababu yake.

Mnyororo mmoja ulifika mbali zaidi. Carolina Ferni, aliyekuwa mpiga fidla kabla ya kugeukia uimbaji, alisoma kwa Pasta, akaimba jukwaani, kisha akawa mwalimu. Mwanawe Eugenio Giraldoni, aliyefunzwa na mama yake, ndiye aliyekuwa Scarpia wa kwanza katika Tosca ya Giacomo Puccini, Roma, mwaka 1900. Giraldoni aliishi hadi zama za santuri na sauti yake ilirekodiwa. Si halali kudai kuwa katika santuri hizo anasikika Pasta. Ni halali kusema kwamba mwanafunzi wa mwanafunzi wake ndiye aliyefika kwenye chombo ambacho yeye hakukifikia.

Giuditta Pasta alifariki tarehe 1 Aprili 1865, akiwa na umri wa miaka 67, katika eneo hilohilo la Ziwa Como.

7.0 Hitimisho

Maisha ya Pasta yanaonyesha kwamba dosari ya ala inaweza kuwa chanzo cha mtindo, endapo msanii ataikabili kwa akili badala ya kuificha. Yanaonyesha pia kuwa mipaka kati ya fanani na mtunzi, inayochorwa kwa urahisi vitabuni, hufifia pale kazi inapochunguzwa ilivyozaliwa. Urithi wa Pasta umegawanyika pande tatu: wanafunzi wake, kumbukumbu za waliomsikia, na nota zilizoandikwa kwa kipimo cha koo lake. Wanafunzi waliutunza kwa sehemu, na mashahidi walipingana. Nota ndizo zilizosubiri. Mwaka 1957, Anna Bolena iliyokuwa karibu kusahaulika ilipofufuliwa katika La Scala, aliyesimama mahali pa Pasta alikuwa Maria Callas, mwimbaji ambaye naye alilaumiwa kwa sauti isiyo na ulinganifu na kusifiwa kwa uwezo wa kulipa kila neno uzito wake. Hakuna aliyemfundisha Callas jinsi Pasta alivyoimba. Nafasi yenyewe, iliyokatwa kwa kipimo cha sauti yenye kasoro, ilikuwa bado inamdai mwimbaji wa namna hiyo.